Hivyo vyombo walikuwa wanaweka nini?

Najua nimepotea kidogo hapa kijiweni, kisa ni majaribio na kazi za semina, mhadhiri akikupa moja usiku inazaa ya pili. Leo nimerudi na deni. Ninayedaiwa naye ni mtoto wa kidato cha pili, na kwa kuwa sijui nitampata wapi tena, nawalipa nyinyi. Huenda mmoja wenu akakutana naye mazoezini.

Ilikuwa hivi. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nilipewa historia, mada ya biashara ya Bahari ya Hindi. Mada hiyo kila mtu anaijua. Unachora mistari miwili ubaoni. Upande huu vilivyotoka: pembe za ndovu, dhahabu, watumwa, magamba ya kasa. Upande huu vilivyoingia: nguo, shanga, bakuli na sahani za kaure kutoka Uchina. Watoto wananakili, kengele inalia, mwalimu anatoka kifua mbele. Siku hiyo kabla kengele haijalia, binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, hivyo vyombo walikuwa wanaweka nini?"

Darasa zima likacheka. Mimi nikacheka nao, maana sikuwa na jibu, nikasema "chakula" halafu nikafuta ubao. Jamani, ile aibu nimekaa nayo hadi leo. Mtoto ameuliza swali la kihistoria kuliko maswali yote niliyoandaa kwenye andalio langu la somo, na mimi nikamjibu kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

Basi nimekaa maktaba wiki mbili hizi, nikiwa na bumu lililokwisha na tumbo linalonguruma, nasoma juu ya vyakula na karamu za enzi za kati. Ukitaja karamu za enzi za kati watu wanakumbuka sinema za Wazungu, mfalme kwenye ngome anatafuna paja la mnyama na kutupa mfupa chini. Lakini enzi hizohizo huku pwani yetu watu walikuwa wanapakua pia, tena yupo mgeni aliyekula na kusimulia. Naanza naye.

Jina lake Ibn Battuta, Mmoroko wa Tangier, mwanazuoni wa sheria aliyeanza safari akiwa kijana wa miaka 21 na kuzunguka karibu nusu ya dunia. Mnamo mwaka 1331 alishuka na pwani ya Afrika Mashariki, akapitia Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa. Habari zake alizisimulia kwao Moroko miaka ya 1350, mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akaziandika. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka 20 imepita. Kuna mambo mengi mtu husahau kwa miaka 20, lakini msosi wa Mogadishu huyu bwana alikuwa bado anaukumbuka sahani kwa sahani.

Sasa sikilizeni utaratibu wa bandari ile. Meli ikifika, vijana wanatoka na mashua ndogo kuipokea, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Wanapanda melini, kijana anamwendea mfanyabiashara mmoja, anampa sahani na kusema huyu ni mgeni wangu. Mambo kwisha. Mgeni hashuki kwenda pengine isipokuwa nyumbani kwa kijana huyo, labda awe amezoea mji na ana wenyeji wake. Mwenyeji ndiye atakayemuuzia bidhaa na kumnunulia anachotaka. Na mtu akinunua kwake kwa bei ya kutupa, au akimuuzia kitu mwenyeji hayupo, biashara hiyo haihesabiki.

Mmeona hapo? Ile sahani iliyofunikwa ni mkataba. Hakuna karatasi, hakuna muhuri, hakuna wakili. Ukishapokea chakula umepata mlinzi, umepata dalali, umepata na mtu wa kukuangalia usije ukadhulumiwa wala kudhulumu. Sisi darasani tunafundisha kwamba biashara ya Bahari ya Hindi iliendeshwa na pepo za kaskazi na kusi. Ni kweli, upepo ulileta majahazi. Lakini jahazi likishatia nanga, kilichomtoa mfanyabiashara melini na kumwingiza mjini kilikuwa chakula.

Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara. Walipoambiwa kuwa huyu ni mtu wa elimu, kadhi mwenyewe akaja ufukweni na wanafunzi wake kumpokea. Kwa desturi yao mwanazuoni haendi malazini kabla ya kumsalimia sultani, basi wakaenda. Wakaletewa tambuu na popoo, wakamwagiwa maji ya waridi ya Dameski mikononi. Halafu ikatoka amri juu ya mahali pa kulala. Wapi? Kwenye nyumba ya wanafunzi! Nyumba iliyowekwa maalumu kwa ajili ya kuwakirimu wanafunzi wa dini. Kwa lugha yetu, hosteli.

Na hapa ndipo nilipofunga kitabu nikaenda kunywa maji kwanza. Maana chakula kilichopelekwa hosteli ile, kikisindikizwa na waziri anayeshughulikia wageni, kilikuwa hivi. Wali uliopikwa kwa samli, umewekwa kwenye chano kubwa, yaani sinia la mbao. Juu yake vitoweo: kuku, nyama, samaki, mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ziko kwenye bakuli lake. Bakuli jingine lina mtindi, na juu yake achari ya ndimu, vichala vya pilipili vilivyolowekwa kwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Anaeleza kuwa embe likiiva ni tamu na huliwa kama tunda, ila likiwa changa ni kali kama ndimu, na hulitia kwenye siki. Mtu anakula tonge la wali, kisha anafuatisha na achari.

Mara tatu kwa siku. Kwa siku tatu. Hosteli! Naomba tusitaje kafeteria yoyote hapa, sitaki ugomvi na mtu.

Wahenga wetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya nne, Ijumaa, hakupewa jembe bali seti nzima ya nguo: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani ya Misri, joho na kilemba, akaenda msikitini amependeza. Na bado alivyofika kwao akasimulia kwamba mtu mmoja wa Mogadishu anakula kiasi cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba ni wanene kupindukia. Mgeni ni mgeni tu wadau, ukimlisha atakusema.

Tusimame kidogo kwenye sinia hilo, maana lina mambo. Kwanza visivyokuwepo. Ile pilipili si hii pilipili kali ya kachumbari yetu. Pilipili kali, nyanya, mahindi, muhogo, viazi vitamu, vyote asili yake ni mabara ya Amerika na wakati huo huku havijafika. Hivyo ukimchukua sultani wa mwaka 1331 ukamwekea ugali wa sembe na mchuzi wa nyanya, atakuuliza hiki ni nini. Watu wa pwani walikuwa na ugali na uji wao wa mtama na uwele, walikuwa na kunde, ndizi, nazi, samaki. Al-Masudi, mwandishi wa Baghdad aliyesafiri kwenye bahari hii na kupita mara ya mwisho mwaka 916, tayari anataja mtama na ndizi kuwa vyakula vya watu wa Zanj, pamoja na nyama, asali na nazi.

Pili, wali. Sisi leo tunaona wali ndio pwani yenyewe, lakini haukuwa hivyo tangu mwanzo. Kaskazini mwa Pemba wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba sehemu mbili zilizo jirani: Tumbe, kijiji cha karne ya 7 hadi ya 10, na Chwaka (ya Pemba, siyo ile ya Unguja), mji uliokua kuanzia karne ya 11. Mwenzao Sarah Walshaw akashughulika na mabaki ya mimea. Kazi yenyewe ni ya subira. Udongo wa jikoni na jalalani unatiwa majini, mbegu zilizoungua zinaelea juu, unazichota, unazikausha, unazihesabu moja moja kwa hadubini. Tumbe nafaka kubwa ilikuwa uwele, mpunga upo kidogo tu. Ukija Chwaka mambo yamepinduka, mpunga ndio umetawala.

Kwa nini watu waache uwele wakimbilie mpunga? Aliyelima anajua kuwa si kwa sababu mpunga ni rahisi. Uwele unavumilia ukame. Mpunga mvua ikigoma umekwisha. Unalima, unapalilia, unaamia ndege kuanzia alfajiri, unavuna, unapura, unatwanga, unapepeta, ndipo upate kibaba cha mchele. Kushiba tu, uwele unatosha. Fleisher katika makala yake ya mwaka 2010 anatoa hoja kwamba tukitazame chakula cha pwani kwa jicho la karamu: kulisha watu hadharani kulikuwa njia mojawapo ya kujenga ukubwa. Wali unampendeza mgeni, unamwonyesha kuwa nyumba hii ina mashamba, ina mikono ya kulima, ina ghala. Uwele ni wa kushiba, wali ni wa kuonekana. Hata leo nenda harusini ukute wamepika uji wa uwele, uone maneno yatakayosemwa njiani.

Na sasa tumefika kwenye swali la yule binti. Chungu ni cha jikoni, kimeungua masizi, mgeni hakioni. Bakuli ndilo linatoka sebuleni. Kwa hiyo mtu anayetaka jina hahangaiki na chungu, anahangaika na bakuli. Bakuli la kijani linalong'aa kutoka Uchina limevuka bahari mbili tatu, na kila anayeingiza mkono humo anajua hivyo bila kuambiwa. Ndiyo maana watu wa pwani waliyathamini kiasi cha kuyapachika ukutani, na hata kwenye makaburi ya nguzo, kama lile la Mambrui karibu na Malindi. Mtu amekufa, lakini mabakuli yapo juu ya kaburi lake yanatangaza: aliyelala hapa alikuwa analisha watu.

Twende Kilwa sasa, maana kule ndiko nilikojifunza jambo ambalo sikulitarajia. Sultani aliyekuwepo Ibn Battuta alipofika ni al-Hasan ibn Sulaiman, lakini watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ndiye anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa, lile jengo la juu ya mwamba wa bahari lenye vyumba zaidi ya mia, ua na bwawa la pembe nane. Pamoja na ukubwa wote huo, Ibn Battuta anasema alikuwa mnyenyekevu, anakaa na mafakiri na kula nao chakula kimoja.

Kula nao. Fikiria mtu mwenye nyumba ya vyumba mia anaketi chini na omba omba, mikono yao kwenye sinia moja. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilisema huyu ndiye kiongozi! Na siwezi kusema ilikuwa maigizo. Lakini siasa ilikuwemo pia. Masharifu kutoka Hijazi na Iraki walikuwa wanafunga safari kuja kwake, kila anayeondoka anaondoka na jina la Kilwa mdomoni. Na sisi tunalitaja karibu miaka 700 baadaye kwa sababu mgeni mmoja alikirimiwa vizuri.

Kisha kikaja kisa cha fakiri wa Kiyemeni. Ijumaa moja sultani anatoka msikitini, fakiri akamsimamisha, akaomba nguo alizovaa. Sultani akarudi nyumbani kwa khatibu, akabadilisha nguo, akampa. Watu wakasifu mno. Mwanawe, mrithi wake, akazichukua zile nguo kwa yule fakiri na kumlipa fidia ya watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Jamani, watumwa ishirini. Kisa hiki kinasimuliwa kama kisa cha ukarimu, na nilikuwa nakisoma hivyohivyo, natabasamu, mpaka nilipofika hapo. Wale ishirini ni nani? Walikula nini siku hiyo? Kama sultani alikula sinia moja na mafakiri, sinia lao wao lilikuwa wapi?

Nikarudi Mogadishu kusoma upya. Ibn Battuta anamtaja sultani, anamtaja kadhi, anamtaja waziri aliyesindikiza chakula. Anataja samli, tangawizi na embe. Aliyetwanga mpunga hatajwi. Aliyekaa na moshi tangu asubuhi ili wali uive kwa wageni mara tatu kwa siku hatajwi. Mgeni aliona sinia likiingia mlangoni, na kwake historia ya chakula ikaanzia hapo mlangoni. Hata ubaoni kwangu ilikuwa hivyohivyo: "watumwa" mstari wa kushoto, "bakuli za kaure" mstari wa kulia, kama vile ni bidhaa mbili zilizopishana bandarini na kwenda zake. Kumbe zilikutana ndani ya nyumba moja.

Wala tusidhani pwani nzima ilikuwa inakula wali kwa samli. Ibn Battuta huyohuyo alipolala Mombasa alikuta kisiwa chenye miti ya ndizi na ndimu, na tunda tamu lenye kokwa ambalo kwa maelezo yake ni zambarau. Nafaka hawakulima, zililetwa kwa vyombo kutoka pwani nyingine, na chakula chao hasa kilikuwa ndizi na samaki. Hiyo nayo ni enzi za kati. Hakuna karamu, hakuna maji ya waridi, watu wanakula kilichopo na kumshukuru Mungu.

Na karamu zenyewe zina mwisho. Abu al-Mawahib alipofariki akatawala ndugu yake Daud, na huyo alikuwa kinyume chake. Mwombaji akija anaambiwa aliyekuwa anatoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Mimi nilipolisoma nilicheka, halafu nikafikiri. Kama ukubwa umeujenga kwa kulisha watu, siku ghala likikauka utabaki na nini? Daud alirithi kiti na mabakuli, yasiyo na kitu ndani.

Basi yule binti wa dawati la nyuma, popote ulipo, jibu langu ndilo hili, limechelewa. Waliweka wali. Uliopikwa kwa samli, na achari pembeni. Lakini pamoja na wali waliweka na mambo mengine: waliweka ahadi kwamba mgeni hatadhulumiwa, waliweka jina la mwenye nyumba, waliweka deni la shukrani ambalo mgeni atalilipa kwa sifa huko aendako. Na chini kabisa, pale ambapo mkono wa mgeni haufiki, palikuwa na jasho la mtu ambaye hakuandikwa popote. Ungeniuliza swali la pili, "nani alikuwa anaosha hivyo vyombo?", sijui ningejificha wapi.

Wenzangu mnaokwenda mazoezi mwaka huu, mkichora ile mistari miwili ubaoni, naomba dakika tano tu mziache kwa ajili ya sinia. Waambieni watoto nini kililiwa, nani aliketi, nani alipika. Somo halitakufa kwa dakika tano. Na mtoto akiuliza swali linalochekesha darasa, usifute ubao haraka kama mimi.

Naishia hapa, jirani yangu wa chumba ameinjika maharage na harufu inasema yako tayari. Ni sahani moja, tutakula wawili. Nikimaliza naosha mimi, maana kwa niliyoyasoma wiki hizi sina tena uso wa kula na kuondoka.

Alamsiki.